Mke Wangu wa Kibokoni na Kanuni ya Mlango wa Jikoni

Mke wangu wa kwanza angeweza kumzaa mama yangu. Siku aliponiposa nilikuwa nimechutama mbele yake na beseni la maji ya vuguvugu, namwosha miguu. Alinitazama kutoka kitini, akaisukuma tambuu upande wa pili wa shavu, akatangaza kwamba mwanamume wa mwisho kumshika nyayo alikuwa marehemu mumewe, kwa hivyo mimi sasa sina pa kukimbilia. Mabibi wenzake wakapiga vigelegele. Ndivyo nilivyooa: asubuhi, kabla ya uji, katika nyumba ya wazee ya Kibokoni, Mji wa Kale, mashahidi wakiwa mpishi na paka.

Kwetu bibi na mjukuu hutaniana hivyo. Bibi humwita mjukuu wake mume, humlalamikia kwamba hamletei halwa, humtisha kwamba atarudi kwao. Mimi sikuwapata bibi zangu. Mama naye aliondoka mapema, baba akiwa amemtangulia, nikabaki mimi mkubwa na wadogo watatu. Niliacha shule darasa la nane. Nilibeba mizigo ya wasafiri pale Feri, nikaosha sahani Makadara, nikauza maji, na jioni nikarudi kupika, kuogesha, kukagua masikio na kusikiliza nani amempiga nani. Kwa hivyo meneja wa ile nyumba aliponiuliza nina cheti gani cha kutunza watu, nilimwambia nina wadogo watatu. Akacheka, akanipa aproni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ukoo mmoja uliohamia ng'ambo, ghorofa mbili, na ua wa ndani ambako jua lilifika saa sita na kuondoka haraka kama mtu aliyekosea mlango. Wazee walikaa humo uani. Wengi wao walikuwa mabibi wa mjini. Wanaume walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa mzee wa bara, Mkristo, aliyekuwa mkuu wa stesheni enzi za reli ya zamani. Alivaa shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingo hata kwenye joto la mwezi wa pili. Aliamini kwamba treni inaweza kuanguka, lakini lazima ianguke kwa kufuata kanuni.

Mke wangu alikuwa kinyume chake. Ujanani alikuwa akiwapamba maharusi na kuwafunza mambo yao, na nusu ya wanawake wa Mji wa Kale walipita mikononi mwake wakiwa wanalia na kutoka wakiwa wanacheka. Uzeeni alibaki na mchezo mmoja alioupenda kuliko yote. Mchezo huo ulikuwa kufa.

Kila alipoajiriwa mhudumu mpya, mke wangu alifanya maandalizi. Alioga, akavaa leso mpya, akatema tambuu, akajilaza kwenye mkeka katikati ya ua, ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla, kama inavyotakiwa. Kisha akatulia. Mhudumu mpya akiingia na sinia la chai, sinia lilikwenda upande wake na yeye upande wake. Mke wangu aliendelea kulala palepale, kwa sababu shabaha yake haikuwa kuogofya. Alitaka kusikia watamsifu vipi. Mpishi wetu, alipokuwa mgeni, alisimama juu yake akamwomba Mungu amsamehe marehemu ulimi wake. Marehemu akaketi kumjibu.

Mimi pia nilifanyiwa. Nililia kweli, nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Alipofumbua macho akaniambia, "Haya, nyamaza. Umelia vizuri." Ndoa yetu nadhani ilianzia hapo.

Basi mwaka mmoja meneja alimleta mwalimu wa huduma ya kwanza. Meneja alikuwa mama wa bara aliyewahi kusimamia hoteli ya watalii, mwanamke mwema, mwenye hofu nyingi zilizopangwa vizuri. Mwalimu alikuja na kiwiliwili cha plastiki, kichwa na kifua tu, akatufundisha wahudumu jinsi ya kumbonyeza mtu ambaye moyo wake umesimama: goti hapa, viganja hapa, mikono inyooke, bonyeza kwa nguvu, usione haya. Wazee walitutazama kama watu wanaotazama mpira. Mwalimu alipoondoka alituachia kile kiwiliwili tufanyie mazoezi mpaka arudi.

Alichokisahau ni kwamba alikiacha katika ua wa wanawake wenye heshima zao. Walisema hawawezi kunywa kahawa na mwanamume aliyelala kifua wazi. Wakamfunga kikoi shingoni, maana kiuno hakuwa nacho, wakamvisha kofia iliyoshonwa kwa mkono, wakamkalisha barazani. Mwalimu aliporudi alimkuta mgonjwa wake wa plastiki ana kikombe cha kahawa mbele yake na kashata mbili, na mke wangu anamwuliza habari za kwao.

Mafunzo hayo hayakuachwa yatumike. Kabla hatujayasahau alikuja wakili wa wenye nyumba, kijana mtaratibu wa hapa hapa mjini, akazungumza na meneja faraghani. Nilikuwa napanguza dirisha, na dirisha lile likahitaji kupanguzwa kwa muda mrefu. Wakili alieleza kwamba mzee akibonyezwa sawasawa, mbavu huvunjika. Mbavu zikivunjika, watoto wake walioko Uarabuni hukumbuka ghafla kwamba wana mama. Wakikumbuka, hutafuta wakili. Yeye hakutaka kukutana na huyo wakili.

Kesho yake karatasi ikabandikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Ilisema mkaazi akianguka na kupoteza fahamu, mhudumu amfunike, apige simu, asimguse, na asubiri. Atakayekiuka hana kazi. Meneja alitusomea kwa sauti, kisha akasema, bila kututazama, kwamba hakuiandika yeye.

Uani palikuwa na mjadala wa siku nzima. Mzee wa reli aliunga mkono kanuni. Alisema kazi bila kanuni ni soko. Tena yeye binafsi hataki kuguswa: treni yake ikishafika, watu wasiisukume kurudi nyuma. Bibi mmoja aliuliza kama ni lazima anayebonyeza awe mwanamume. Mwingine akauliza kama ni lazima ile ya kupuliziana pumzi mdomoni, na alipoambiwa si lazima akaonekana kusikitika. Mke wangu alingoja wote wamalize.

"Mimi nitabonyezwa," alisema. "Na atakayenibonyeza ni mume wangu. Mwengine akinitia mkono kifuani nitafufuka nimpige kofi."

Wakacheka. Akanigeukia, na safari hii hakuwa anacheka yeye. "Wasikia? Usinifunike leso ukanitazama. Nimefunikwa sana duniani."

Nikamwambia nimesikia. Mzee wa reli akanikumbusha, kwa upole, kuhusu karatasi ya jikoni. Nikamwambia nimeisoma pia.

Sikumwambia habari ya mama yangu. Mama alianguka chumbani kwetu, mchana, mbele yangu. Majirani walikuja mbio, watu wema wote: mmoja alimpepea, mmoja alimgeuza kibla, mmoja alishika kitambaa cha kumfunga taya na bado kifua kilikuwa kinapanda. Mimi nilisimama pembeni na mikono yangu. Sijui kama mtu angebonyeza ingesaidia. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa na ugomvi na mikono inayoning'inia.

Na kazi ile nilikuwa naihitaji. Kitinda mimba wetu alikuwa amebakisha mwaka kumaliza sekondari, wa kwanza katika sisi kufika huko, na nilikuwa nimeapa hatatolewa shuleni kwa sababu ya chakula kama nilivyotolewa mimi. Kila nilipopita mlango wa jikoni nilikuwa naisoma ile karatasi kuanzia chini, pale penye "hana kazi".

Sasa nifike siku yenyewe. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, wali wa nazi na samaki, saa ya wazee kusinzia. Nilikuwa naosha vikombe. Nilisikia kishindo laini, kisha vicheko. Nikachungulia. Mke wangu alikuwa amelala chini katikati ya ua, na mabibi walikuwa wanapiga makofi.

"Leo amekufa bila mgeni," mmoja alisema. "Anafanya mazoezi."

Mpishi alimruka akaenda kuanika kitambaa. Mzee wa reli alimtazama juu ya miwani, akarudi kwenye gazeti lake. Mimi nami nilicheka, nikarudi kwenye vikombe. Nilisuuza kimoja. Kisha kitu kikaanza kunikera, kama mlango ulioachwa wazi mahali fulani nyumbani, nikatoka tena kumtazama.

Miguu yake ilikuwa imeelekea kibla.

Asiyetoka mjini kwetu huenda asione kitu hapo. Lakini mke wangu alikuwa mtu aliyeweza kumtania shehe, na hakuwahi hata siku moja kunyoosha miguu upande huo. Kitanda chake alikigeuza mwenyewe siku ya kwanza alipohamia, bibi mzima anasukuma kitanda. Katika vifo vyake vyote vya mzaha, hata kile cha haraka alichomfanyia mtu wa gesi, alianguka kwa adabu. Sasa nyayo zake, zilezile nilizokuwa naziosha, zilikuwa zinatazama huko tunakosalia. Na shavuni bado kulikuwa na tambuu.

Nikaita jina lake. Nikamtikisa bega. Nikaweka sikio puani kwake, hamna kitu. Nikamwambia mpishi apige simu ya ambulensi, na sauti yangu ilimfanya aangushe kitambaa.

Meneja akatoka ofisini. Alisimama mlangoni, akashika fremu kwa mikono miwili. Mmoja wa wahudumu alikuwa tayari ameleta leso ya kumfunika, ameikunjua, anangoja. Bibi mmoja alikuwa anataka kumgeuza, na akaanza kumlakinia shahada sikioni, ili aitamke kabla ya kukata roho, polepole, kwa sauti nzuri. Kila mtu alikuwa na kazi ya kufanya. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Nilimtoa tambuu kwa kidole. Nikapiga goti. Nikaweka viganja.

"Usi—" alisema meneja, na hakumaliza.

Nikabonyeza. Kifua cha bibi si plastiki. Kilishuka chini ya mikono yangu, na karibu mwanzoni nilisikia kitu kikivunjika ndani, sauti kama ya kijiti kikavu, nikajua ule ndio ubavu wa wakili. Niliendelea. Kichwani mwangu hamkuwa na ushujaa wowote. Nilikuwa nafikiria sare ya shule ya kitinda mimba, na kwamba mikono yangu inakwenda mbio sana, na kwamba sijui ni mbio kiasi gani.

Hapo mzee wa reli akainuka. Nilidhani anakuja kunisomea karatasi. Alikuja mpaka karibu, akasimama wima kama anayeruhusu treni ya kwenda bara, akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne, bila kukimbia, bila kuchelewa. Nikaifuata hesabu yake. Nilipochoka nikachanganya, alinikemea: "Kijana, usiwahi. Fuata saa." Mabibi wakaanza kuhesabu pamoja naye, wengine kwa kulia, na yule wa shahada hakunyamaza, ikawa ua wote una sauti moja inayopanda na kushuka.

Sijui tulikwenda hivyo kwa muda gani. Najua kwamba alikohoa. Akavuta pumzi mbaya, nzito, kama mtu anayekokota kabati. Akafumbua jicho moja, akaniona juu yake natokwa jasho, akalifumba tena.

Ambulensi ilikuwa imefika, ila ilikuwa Makadara. Gari haliwezi kuingia vichochoro vyetu, jambo ambalo aliyeandika "apige simu na asubiri" hakulifikiria. Tulimtoa kwa mkokoteni wa muuza maji, juu ya godoro, mimi nasukuma, mwenye mkokoteni anavuta, mpishi ameshika mwavuli. Watu walipisha wakisoma wanayoyajua. Kwenye kona ya mwisho, mkokoteni uliporuka jiwe, nilimsikia akiguna. Sijawahi kufurahia kuguna kwa mtu kama siku ile.

Jioni meneja aliniita. Alikuwa amelia, na hilo lilinifanya nimhurumie kuliko alivyonihurumia. Alisema ameona. Alisema ingekuwa yeye, hajui angefanya nini. Lakini wenye nyumba wanaye wakili, na wakili ana karatasi, na mpaka jambo liamuliwe nisije. Nikavua aproni, nikaikunja, nikaiweka mezani. Nyumbani niliwaambia wadogo zangu ukweli. Kitinda mimba akasema ataacha shule afanye kazi. Nikamwambia akilirudia neno hilo nitambonyeza na yeye.

Nikaenda Makadara kwa mama mmoja muuza viazi karai, nikamenya viazi. Huko habari zilinifuata. Mtu alipita akaniuliza kama ni kweli nimemvunja mke wangu ubavu. Nikasema ni kweli. Akasema hata yeye mara nyingine hutamani.

Habari za kweli zilinijia kwa mjumbe nisiyemtarajia. Mzee wa reli alitokea siku moja kwenye karai letu, kifungo cha shingo kimefungwa, fimbo mkononi. Alikataa kiti. Alisema ametumwa. Mke wangu alikuwa amerudi kutoka hospitali, amefungwa bandeji, na neno lake la kwanza alipovuka kizingiti lilikuwa kuuliza mume wake yuko wapi. Alipoambiwa, hakupiga kelele. Alivaa leso nyeupe isiyo na maua, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

"Anasema ameachishwa mumewe," alisema mzee wa reli. Alikuwa na aibu kidogo, kama anayesoma ujumbe wa lugha ya wenyewe. "Anakaa ndani. Hatoki, hapambwi, haonani na wanaume wasiomhusu. Wanawake wenzake wananiambia huitwa eda."

Yule bibi mcha Mungu wa ile shahada, mzee alinieleza, alikwenda kumwonya kwamba eda si jambo la kuchezea. Mke wangu alimjibu kupitia mlangoni kwamba hajasema ni eda, amesema tu kwamba anakaa ndani kwa huzuni, na kama huzuni imepigwa marufuku nayo ibandikwe jikoni.

Shida ilikuwa ya wakili. Ili jambo liishe alihitaji kumsikia bibi kwa masikio yake, akisema kama atadai chochote kwa ubavu wake. Alikuja mara ya kwanza akaambiwa bibi haonani na wanaume. Alikuja mara ya pili akazungumza na mlango. Mlango ulimwuliza kama yeye si mtoto wa fulani bint fulani. Akakubali. Mlango ukamwambia kwamba mama yake siku ya harusi alipambwa na mikono hii, alikuwa akilia hataki kutoka, na kama si mikono hii wakili asingezaliwa. Sasa anataka kumvunjia mlango mwanamke aliyekaa ndani? Wakili akaenda zake. Nadhani alikwenda kwa mama yake, na huko hakupata faraja.

"Kwa hivyo anasemaje?" nilimwuliza mzee.

Alijisafisha koo. "Anasema mume akirudi, huzuni inakatika. Ila afanye haraka, maana ubavu unamwuma kwa kulala upande mmoja."

Nikamwuliza na yeye mwenyewe, mtu wa kanuni, vipi amekubali kuwa mshenga wa jambo kama hili. Na siku ile uani, vipi alihesabu?

Akanitazama kama nimeuliza kama Nairobi iko bara. "Niliisoma karatasi vizuri. Inamkataza mhudumu kugusa. Haimkatazi mkaazi kuhesabu."

Kisha akala viazi viwili, kwa kusimama.

Meneja alinitumia ujumbe kesho yake. Nilikuta ua umepangwa viti kama matanga. Wakili alikuwepo, ameshika kalamu kwa mikono miwili. Meneja akaenda kugonga mlango wa chumba, akasema, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwapokea wageni wakubwa, kwamba mume amefika.

Mke wangu alitoka amevaa leso nyekundu yenye maua makubwa. Wanja ulikuwa jichoni. Alitembea polepole, mkono ubavuni, akaketi, akanipita kwa macho kama hanijui, kama wafanyavyo maharusi.

Wakili alianza kwa heshima. Alimwuliza kama anajua nani aliyemvunja ubavu.

"Mume wangu."

Akamwuliza kama ana malalamiko.

"Ninayo mengi. Haleti halwa. Anakoroga uji mzito." Akaushika ubavu wake. "Ubavu si mojawapo. Ubavu nilimpa ruhusa, mbele ya hawa wote, nikiwa na akili zangu. Mliwauliza wenye nyumba, mkamwuliza na wakili. Mimi mwenye kifua nani aliniuliza?"

Wakili aliandika kitu, akakifuta. Mwishowe alinigeukia mimi. Nadhani alitaka kunisaidia. Alisema pengine nilichanganyikiwa, pengine sikuikumbuka kanuni kwa wakati ule. Alikuwa amenifungulia mlango mpana, na katika mawazo nilimwona kitinda mimba wangu amesimama upande wa pili wake na begi la shule.

"Niliikumbuka," nikasema. "Naijua kwa moyo."

"Na akianguka mwingine kesho?"

"Nitambonyeza. Isipokuwa mzee wa reli. Yeye amesema asiguswe, na hatoguswa."

Mzee wa reli akaitikia kwa kichwa, kama anayepokea tiketi sahihi.

Paka alianza kujilamba. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria viazi. Meneja ndiye aliyesema, na alisema taratibu, akimtazama wakili. Alisema kule hotelini hakuna mgeni aliyewahi kufa. Wote walifia njiani kwenda hospitali, hata waliokuwa wameshapoa. Ndivyo walivyofundishwa kusema. Alisema amechoka na njia hiyo. Kisha akaniambia nivae aproni, na kabla ya chochote niende kwa kila mzee, mmoja mmoja, nimwulize mwenyewe anataka afanyiwe nini, naye atakaa karibu asikie. Wakili alisema jambo hilo labda linaweza kutetewa. Mke wangu akamwambia amsalimie mama yake.

Ile karatasi iko nyuma ya mlango wa jikoni mpaka leo. Mpishi ametundika kalenda ya duka la mchele juu yake. Meneja huingia, huitazama kalenda, huuliza tarehe, hutoka.

Nilipowauliza wazee, wengi walisema nibonyeze. Wachache walisema niwaache, na mmoja wao alinishika mkono akanieleza kwa nini, na hilo ni lake. Bibi mmoja alisema nibonyeze ikiwa ni kabla ya mwezi wa Ramadhani. Bibi mcha Mungu alisema nibonyeze, lakini asipigiwe hesabu na mzee wa reli, apigiwe na mwanamke. Mke wangu nilimweka mwisho.

Yeye alikuwa na swali lake kwanza. Alitaka kujua nilijuaje siku ile. Wote walidhani ni mchezo, mimi nilijuaje? Nikamwambia kuhusu miguu.

Sijawahi kumwona akiona haya kabla ya siku hiyo. Aliivuta leso mpaka kidevuni. Kuanguka hakukumsumbua, wala ubavu, wala kutolewa kwa mkokoteni wa maji mbele ya Makadara nzima. "Miguu yangu?" aliuliza. "Mbele za watu?"

Akanipa sharti. Siku nyingine nimgeuze kwanza, ndipo nibonyeze. Nikamwambia haiwezekani, kugeuza kunapoteza wakati, nitabonyeza kwanza. Akasema mke hajibiwi hivyo. Nikasema mke akitaka mume mtiifu angeolewa na kile kiwiliwili cha plastiki. Tulishindana mpaka uji ukapoa, na mimi sikulegea, maana si mtu wa kulegea, na yeye ndiyo kabisa.

Mzee wa reli alikuwa anasikiliza nyuma ya gazeti. Akalikunja. Akasema tatizo hilo ni la kawaida kabisa katika reli: injini inapotazama upande usio wake, haizimwi, inageuzwa ikiwa inanguruma. Mimi nibonyeze. Yeye atahesabu, na huku akihesabu ataizungusha miguu.

"Mwanamume wa bara anishike miguu?" alisema mke wangu.

"Kwa leso," alisema mzee. "Sitagusa."

Akafikiri. Akataka tujaribu kwanza, aone. Basi alasiri ya siku hiyohiyo akalala kwenye mkeka, miguu upande mbaya, macho ameyafumba kwa uchungu wa jambo lenyewe. Mimi nikapiga goti, nikaweka viganja bila kubonyeza. Mzee wa reli akazifunga nyayo zake kwa leso, akashika ncha, akaanza kumzungusha taratibu, moja, mbili, tatu, na mimi nikazunguka naye kwa magoti, na mabibi wakatuelekeza kutoka pande zote.

Wakati huo meneja aliingia na mhudumu mpya, msichana aliyekuwa anaanza kazi siku hiyo. Msichana aliona ajuza amelala sakafuni, kijana yuko juu ya kifua chake, na mzee aliyevaa miwani anamkokota kwa miguu akihesabu. Alipiga ukelele uliowatoa njiwa darini.

Mke wangu hakufumbua macho. Alitabasamu tu, palepale chini ya mikono yangu.

"Huyo," alininong'oneza, "atanililia vizuri."